Mwandikie Kabla Hujapata Shida

Watu wa Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, wamezoea kuagana. Enzi za mkoloni nyanda hizi za Buha zilifanywa mahali pa kutafutia vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuajiri, SILABU, na vijana wa huku wakasafirishwa hadi Tanga na Morogoro kuwa manamba. Ambaye hakujua kuandika alimwomba mwenzake amwandikie barua, na huku nyumbani mama yake naye akatafuta wa kumsomea.

Wanaoondoka siku hizi wanaondoka kwa sababu nyingine. Wanachuo wa Chuo cha Ualimu Kasulu au wa Kabanga hulala bweni moja na kuazimana kalamu, kisha ajira inawatawanya: mmoja Newala, mwingine Ukerewe, mwingine Mbulu. Halafu kuna urafiki uliozaliwa kwa sababu ya kambi za wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na Mtabila, Nduta na Mtendeli zimewahi kuwa nyumbani kwa maelfu ya Warundi. Katika masoko ya pamoja ya kambi na vijiji, kabla hayajafungwa, wanawake wa vijiji vya jirani waliuziana maharage na vitenge na wanawake wa kambini, wakajuana watoto, wakatembeleana wakati wa uzazi. Leo mmoja yuko palepale kijijini, na mwenzake yuko Lexington, Kentucky, au amerudi Makamba.

Kwa hiyo kila nyumba huku ina rafiki aliye mbali. Ninachotaka kuzungumza nawe, msomaji, ni namna ya kumshika rafiki huyo asikuponyoke, na njia ninayoiamini kuliko zote ni barua.

Sisemi simu haifai. Simu imeokoa wagonjwa na imetufikishia habari za misiba kwa wakati. Lakini kuna tabia moja imetuingia: tunapiga tukiwa na shida. Jina la mtu uliyesoma naye likitokea kwenye kioo baada ya mwaka mzima wa kimya, kabla hujapokea umeshaanza kukadiria. Ni ada? Ni mgonjwa? Ni mkopo? Na yeye upande wa pili anajua kwamba unakadiria, ndiyo maana salamu zake zinakwenda mbio na kicheko chake kinalegea. Watu wawili waliopendana kwa dhati wanafikishwa mahali pa kuogopana. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni kwamba kwa muda mrefu hakuna kilichopita kati yao isipokuwa mahitaji.

Ushauri wangu wa kwanza, na kama utachukua mmoja tu chukua huu: mwandikie rafiki yako wakati huna unachokitaka kwake. Andika ukiwa mzima, watoto wameshiba, ada imelipwa, au hata kama haijalipwa lakini hukusudii kuitaja. Barua ya namna hiyo ikimfikia, ataisoma mara ya kwanza akitafuta ombi liko wapi. Asipoliona ataisoma tena, na safari hiyo atakusoma wewe.

Wengi huniambia, "Sasa kama sina shida, nitaandika nini?" Swali hilo linaonyesha jinsi tulivyojisahau, na jibu lake lipo kwenye karatasi zilizopita mikononi mwa watu makambini humuhumu Kigoma.

Msalaba Mwekundu una fomu maalumu kwa watu waliotenganishwa na vita. Kazi hiyo ya kuwaunganisha waliopoteana chombo hicho kimeifanya tangu mwaka 1870, na mwaka 1914 kilifungua ofisi Geneva ya kutafuta habari za wafungwa wa vita. Katika kambi zetu fomu hizo zimeshughulikiwa na Msalaba Mwekundu wa Tanzania pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Unajaza jina lako kamili, majina ya wazazi na mahali unapotoka, kisha unajaza hayohayo ya yule unayemtafuta, kadiri unavyoyajua. Nafasi ya kuandika ni ndogo. Barua haifungwi kwa gundi, kwa sababu ni lazima ikaguliwe, na sharti lake ni moja: habari za familia na za binafsi tu. Siasa hapana, mambo ya majeshi hapana. Anayeipata anaandika jibu kwenye fomu ileile, na linarudi kwa njia iliyoileta.

Hebu fikiri mtu aliyeketi na fomu hiyo mbele yake. Hawezi kueleza vita. Anajua macho mengine yatapita juu ya maneno yake. Nafasi haimruhusu kuzunguka. Kinachobaki ni hiki: tuko hai, tuko mahali fulani, mama alifariki mwaka fulani, mdogo wako ameolewa, mtoto tuliyekimbia naye mgongoni sasa yuko darasa la tatu. Mtu asingeandika kitu chenye thamani kuliko hicho hata angepewa daftari zima. Habari ambazo sisi tulio na amani tunaziona ndogo mno kupelekwa posta, ndizo ambazo mwanadamu huyo amezisubiri kwa miaka.

Basi andika hizo. Nani amezaliwa na amepewa jina la nani. Nani amehama. Mwembe ule wa shuleni bado upo au umekatwa. Lami imefika wapi katika ile barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu, ambayo ninyi wawili mliwahi kuipita kwenye tope, abiria wote wakishuka kusukuma basi. Aliyekaa mbali anaishi na picha ya zamani ya mahali hapa. Usipomwandikia, siku atakayorudi atakuwa mgeni kwenu.

Tofauti ya barua inayofufua urafiki na ile inayokunjwa na kusahauliwa iko kwenye umahususi. Mtu mmoja ataandika: "Huku kwetu tunaendelea vizuri, mvua zimeanza na kilimo kinaendelea." Hakuna uongo hapo, lakini barua hiyo ingeweza kutumwa na yeyote kwenda kwa yeyote. Mwingine ataandika: "Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili usiku. Asubuhi njia ya sokoni ilikuwa imejaa mafungu ya uyoga, nikakumbuka ulivyokuwa ukikataa kuula mpaka umwone mtu mwingine ameutangulia na hajafa. Nilinunua mafungu mawili. Nimepika na karanga." Hii haiwezi kwenda kwa mtu mwingine. Ndani yake yumo mwandishi, yumo msomaji, na kimo kitu walichokiona pamoja. Kabla hujafunga barua yako, isome na ujiulize: nikifuta jina la juu na kuweka la mtu mwingine, itafaa? Ikifaa, bado hujamwandikia rafiki yako.

Salamu usizikate. Siku hizi kuna watu wanaona ile mianzo ya barua tuliyofundishwa shuleni, ya kumjulia hali mwenzako na kueleza kwamba wewe ni mzima isipokuwa una hofu juu yake aliye mbali na upeo wa macho yako, ni maneno ya kizamani. Mimi nawashauri muyatumie bila aibu. Huku kwetu mtu hakutani na mwenzake njiani akaanza na shughuli. Atasema "mwakeye", ataulizia wa nyumbani, ndipo neno lije. Watu wa huku wamelipia kadi za salamu zisomwe redioni wakitaja majina, na hakuna aliyeuliza salamu hizo zina faida gani. Ila salamu zako zitaje watu. Badala ya "wasalimie wote", andika: mpe shikamoo yangu mama yako, mwambie mguu wake ninauulizia, msalimie huyo wa mwisho niliyemwacha akitambaa. Salamu yenye jina humlazimisha anayeisoma anyanyuke akaipeleke, na kila anapoipeleka wewe unaingia nyumbani humo upya.

Baada ya kutoa habari zako, uliza. Jambo hili ndilo linalosahaulika kuliko yote, hata na watu wanaoandika vizuri. Barua isiyo na swali humfanya mwenzako mtazamaji. Uliza jambo ambalo yeye peke yake anaweza kulijibu: ile nyumba uliyoanza kuijenga imefika kwenye lenta? Mwalimu mkuu mliyekuwa mnagombana naye bado yupo? Kuna baridi ya namna gani huko, na watoto wanavaa nini kwenda shule? Na barua yake inapokuja, usiijibu kwa kumbukumbu. Iweke mezani mbele yako, ipitie mstari kwa mstari, pigia alama kila swali na kila jambo lililomuuma, halafu ujibu yote. Ukiruka jambo la huzuni alilokuambia, ataona umeliruka, na hatakuambia jingine.

Sasa kuhusu fedha, kwa sababu najua suala hili lipo. Marafiki husaidiana, na hakuna ubaya kumwomba rafiki. Ubaya ni kulificha ombi nyuma ya kurasa mbili za upendo. Msomaji akifika mwisho na kulikuta pale, maneno yote mazuri yaliyotangulia yanageuka kuwa maandalizi. Kama una shida, mpigie simu useme wazi, au mwandikie barua fupi yenye shida hiyo tu, kiasi, sababu, na kwamba akishindwa hakuna kinyongo. Barua ya urafiki iache isafiri peke yake. Wale wenye marafiki waliohamishiwa Marekani walizingatie hili zaidi. Wenzetu hao wengi wao wanafanya kazi za zamu viwandani na maghalani, wanalipa kodi ya nyumba, na simu zinazowafikia kutoka huku hazipumziki. Barua kutoka Kasulu isiyoomba chochote, inayosema tu kwamba mahindi yamebeba na kwamba bado tunakutaja, nadhani ni zawadi ambayo wengi wao hawajaipata kwa muda mrefu.

Barua ya msiba inahitaji ujasiri. Tumezoea kutuma rambirambi kwa simu, na ni vyema, kwa kuwa matanga yana gharama. Lakini pesa ile huingia kwenye daftari pamoja na nyingine zote. Mwandikie mfiwa, na usiandike wiki ile ya kwanza nyumba ikiwa imejaa watu. Subiri mpaka wageni waondoke na turubai lirudishwe lilikoazimwa. Usijaze karatasi mafundisho ya subira, ameshayasikia makaburini. Mwambie jambo moja unalomkumbuka marehemu: alivyokukaribisha, alivyokukaripia, wimbo aliopenda kanisani, bei aliyokupunguzia sokoni. Kwa mfiwa, kila kumbukumbu mpya ya marehemu ni sehemu ya uhai wake ambayo hakuwa nayo. Hakuna barua ninayoithamini kuliko hii.

Kumbuka pia barua haisomwi na mtu mmoja. Mzee aliyejifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo cha watu wazima miaka ya 1970 anaweza kuwa bado anasoma, lakini macho yamepungua. Mwandikie herufi kubwa, uache mstari kati ya mstari na mstari. Mwingine atasomewa na mjukuu. Kwa hiyo siri isiyopaswa kupita kinywani mwa mtoto usiiweke humo. Watoto waliokulia Marekani hali yao ni nyingine: Kiswahili wanakisikia na kukisema nyumbani, ila shule imewafundisha kusoma Kiingereza tu. Mama yao akiwaita wamsomee barua yako, watahangaika na mwandiko wa kuunganisha. Andika herufi zilizosimama, sentensi fupi, na usitumie vifupisho vya simu. Na rafiki yako Mkongo au Mrundi akikujibu kwa Kiswahili cha kwao, usimsahihishe. Alikuandikia wewe, si mtihani.

Namna ya kuituma ipo, ingawa inadai uangalifu. Watu wengi vijijini hawana sanduku la posta, lakini shule ina sanduku, parokia ina sanduku, hospitali ya misheni ina sanduku. Omba ruhusa kwa mwenye sanduku kwanza, kisha mwambie rafiki yako aandike jina lako kamili kama linavyofahamika hapo, si la utani, na chini yake "kwa hisani ya" taasisi hiyo, S.L.P., Kasulu au Kibondo, Mkoa wa Kigoma. Pita kuulizia, barua iliyokosa mwenyewe hulala dirishani mpaka vumbi liifunike. Andika anwani yako nyuma ya bahasha, na uirudie ndani juu ya barua pamoja na tarehe na mwaka, kwa kuwa bahasha hutupwa. Ukiandikiana na mtu mara kwa mara zipeni barua zenu namba, mjue ipi imepotea. Fedha usitie ndani. Ya kwenda nje ya nchi inakili anwani kama alivyoiandika mwenyewe, namba zote na mpangilio uleule, na jina la nchi mstari wa mwisho kwa herufi kubwa. Ukituma kwa basi, ipeleke ofisi ya vifurushi, uandike namba za simu za mtumaji na mpokeaji juu ya bahasha, uchukue risiti.

Kwa aliyerudi Burundi akakaa kilimani, mbali na mji, parokia yake ni njia nzuri. Na ikiwa mmepoteana kabisa na hujui hata aliko, na yeye ni ndugu yako, ofisi za Msalaba Mwekundu ndizo za kuanzia.

Kama posta iko mbali mno, andika kwa mkono hivyohivyo, upige picha kurasa na kuzituma kwa WhatsApp. Wapo watakaosema kwa nini usichape tu. Kwa sababu ukichapa kwenye simu unaandika kwa haraka ya simu, kila ujumbe mwingine unakukatiza, na unamaliza kwa mistari minne. Karatasi hukuweka kitini. Na yeye akiuona mwandiko wako ataukumbuka ule wa kwenye madaftari mliyonakiliana usiku wa kuamkia mtihani.

Usijiwekee ahadi ya kuandika kila wiki. Utaivunja na utaanza kumkwepa mtu kwa aibu. Afadhali ufuate majira. Andika baada ya kupanda, mvua za Oktoba na Novemba zikikushikilia ndani. Andika maharage yakishaanikwa. Andika mnapofunga shule. Na usihesabu zamu. Kuna rafiki anayeandika barua tatu kwa moja ya mwenzake, na urafiki wao uko imara, kwa sababu yule wa barua moja huandika kama mtu anayefungua moyo wote. Ukikaa bila jibu, acha majira yapite, andika tena, na barua ya pili isiwe na lawama hata neno moja. Labda ameuguza. Labda haikufika.

Kuhusu kuzitunza: barua za Shaaban Robert kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, zilizoandikwa kati ya mwaka 1931 na 1958, tunazo leo katika kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, miaka 40 baada ya mwandishi kufariki. Tunamsifu aliyeziandika, na anastahili. Lakini zingekuwa wapi bila yule aliyezipokea na kuziweka? Huku kwetu adui wa karatasi ni mchwa, unyevu wa masika na moshi wa jikoni. Usiziweke chini ya godoro wala kwenye boksi lililokaa sakafuni. Tafuta kopo la bati lenye kifuniko au sanduku la chuma, likae juu ya meza au kabati mbali na ukuta wa udongo, zipange kwa tarehe, na kila kiangazi zitoe uzipe hewa kivulini, maana jua kali hufifisha wino. Ukishazitoa utazisoma, na ukizisoma utaandika.

Limebaki jambo la yule ambaye hujamwandikia kwa miaka. Kila mtu anaye. Kimya kimekuwa kirefu mpaka unaona huna uso wa kuanza, na kila mwaka unaopita unaongeza uzito wa maelezo unayodhani unadaiwa. Hudaiwi maelezo marefu. Ukurasa mzima wa kujitetea utamchosha, tena utamlazimisha akuhurumie kabla hajafurahi. Sema mara moja kwamba umekaa kimya mno na unasikitika, weka nukta, kisha ingia moja kwa moja mahali mlipokuwa mmeachana: "Mara ya mwisho uliniambia unataka kufuga nyuki kule kwa mjomba wako Kibondo. Je, mizinga uliipata?"